Kompyuta Iliyodumu Miaka 13 na Nyingine Iliyodumu Miwili

Mwezi Machi mwaka 2011, mimi na mume wangu tulipanda matatu kutoka Mamboleo hadi katikati ya mji wa Kisumu tukiwa na shilingi 38,000 ndani ya bahasha. Ilikuwa zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha akiba pamoja na akiba ya mihula miwili. Tulirudi nyumbani na kompyuta ya mezani, skrini, kibodi na kipanya, vyote vipya ndani ya maboksi yake. Ilikuwa na Windows 7, RAM (nafasi ya kazi zilizofunguliwa kwa wakati huo) ya GB 2 na diski (ghala la kuhifadhi vitu) ya GB 320. Mwenye duka alituambia kwamba kompyuta ya nyumbani hudumu miaka 5, nami nikaushika mwaka 2016 kichwani kama mtu anavyoshika tarehe iliyopigwa chapa kwenye pakiti ya maziwa.

Kompyuta hiyo ilitufanyia kazi hadi mwaka 2024. Katikati ya safari yake nilinunua nyingine mpya kabisa ambayo haikupita miaka 2, nikapoteza kumbukumbu ambazo hazitarudi, kisha nikanunua ya tatu bila kuuliza swali moja lililokuwa muhimu kuliko yote niliyouliza. Walimu wenzangu na majirani huniuliza mara kwa mara kama wakati wa kubadilisha kompyuta zao umewadia, na kila ninapowajibu nakumbuka gharama niliyolipa ili niweze kujibu.

Miaka minne ya kwanza haina mengi. Mume wangu aliandikia kazi zake za diploma, mimi nilichapa mitihani, na watoto walijifunza kutumia kipanya kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Aprili 2015 mvua ya alasiri ilikuja na radi kama tunavyozijua mvua za masika huku kwetu, stima ikapotea, na iliporudi mashine haikuwaka. Niliamini tumeipoteza. Fundi mmoja wa Kondele aliifungua mbele yangu, akapima kwa kifaa chake, akasema, "Mwalimu, hapa kilichoungua ni pawa saplai peke yake. Vingine viko salama." Hicho ndicho kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Alitoza shilingi 2,500 na nusu saa baadaye ilikuwa inawaka. Tangu siku hiyo sisi hung'oa plagi ukutani wingu likianza kutanda, kwa kuwa kuzima swichi hakutoshi kuizuia radi. Jambo kubwa zaidi, yaani kwamba kompyuta ni mkusanyiko wa sehemu ambazo kila moja ina umri wake, nilionyeshwa siku ile bila malipo na sikulishika.

Sikulishika kwa sababu mwaka 2017 mashine ilipoanza kuwa nzito, jibu langu lilikuwa tayari kichwani. Ningeiwasha, nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikarudi na kikombe kabla haijafunguka. Kufungua karatasi moja ya mtihani kulichukua dakika nzima. Niliipeleka kwa fundi mwingine, wa mjini, ambaye hakufungua hata kifuniko. Aliuliza tumeinunua lini, nikamjibu, naye akasema kwamba hiyo imezeeka na ninunue mpya. Nilikubali mara moja, hata nikaona haya kidogo kwamba nilikuwa nimeichelewesha mwaka mzima kupita ile miaka 5 ya mwenye duka. Leo namwambia kila mtu kwamba fundi anayetaja umri kabla ya kutaja sehemu iliyoharibika bado hajaichunguza mashine yako.

Januari 2018 nilinunua laptopu mpya kwa shilingi 24,000. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, na ya kupendeza machoni. Kwenye boksi palikuwa na maandishi "GB 32", nami nikayapita kwa kuwa sikujua yanahusu nini. Ilikuwa ndiyo nafasi yote ya kuhifadhi vitu, na Windows 10 peke yake ilikuwa imekwisha kuchukua zaidi ya nusu. Kufikia Mei nafasi iliyobaki ilikuwa inaonyeshwa kwa rangi nyekundu. Masasisho ya Windows yalihitaji nafasi ya GB kadhaa ili yajiweke, hayakuipata, yakawa yanajaribu na kushindwa kila juma huku yakila data niliyolipia. Nilihamisha picha, nikafuta programu moja baada ya nyingine, mwisho nikabaki na ya kuandikia na ya intaneti tu, na bado haikutosha. Nilipompelekea yule fundi wa Kondele ili aniongezee diski, aliifungua akanionyesha kwamba hakuna diski ya kutoa. Hifadhi ilikuwa chipu ndogo iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, ule unaounganisha sehemu zote, na RAM ya GB 2 vilevile. Nilikuwa nimenunua kitu kipya ambacho kilifika mwisho wake siku nilipokitoa dukani. Mwanzoni mwa 2020 niliacha kukitumia.

Naomba msomaji atue hapa, kwa maana laptopu za aina hii bado zinauzwa, na bei yake humvuta mzazi anayemtafutia mtoto kompyuta ya kwanza. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: kama kifuniko cha chini kinafunguka kwa skrubu za kawaida, kama diski inatoka, na kama kuna nafasi ya kuongeza RAM. Laptopu nzuri za kisasa zinaweza kuwa na RAM iliyochomelewa, na si kosa ikiwa imetosha tangu mwanzo, GB 8 au zaidi. Ila mashine yenye hifadhi ya GB 32 au 64 isiyotoka, ninaishauri familia yoyote iiache, hata ikiwa na nailoni yake bado.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona. Mpwa wangu, aliyekuwa akisomea umeme katika chuo cha ufundi, alikuja kukaa nasi, akaiona ile kompyuta ya mezani stoo ikiwa imefunikwa leso. "Shangazi, hii ilikosa nini?" Nikamwambia imezeeka. Akaiwasha, akasubiri kwa uvumilivu kuliko mimi, kisha akabonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ikatokea orodha ya programu zinazoendelea, na humo akaanza kufungua vipimo kimoja kimoja. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya kompyuta, ilikuwa imetulia kwenye asilimia 15. RAM ilikuwa karibu kujaa. Diski nayo ilikuwa inafanya kazi bila kupumua ingawa hatukuwa tumefungua chochote. Alinieleza kwamba diski ya zamani ni sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake husogea huku na huko kutafuta kila kipande cha kazi, hivyo ikizeeka au RAM ikiwa ndogo, kompyuta nzima huisubiri. Dawa ni SSD, diski ya kisasa ambayo haina kitu kinachozunguka.

Tulinunua SSD ya GB 240 kwa shilingi 3,800 na RAM ya GB 4 kwa 2,200, zote kwa duka moja la mjini, na mpwa wangu akazifunga mezani kwetu akitumia bisibisi ya jikoni. Nikampa 1,000 za asante. Aliweka Windows 10, kwa kuwa masasisho ya usalama ya Windows 7 yalikuwa yamekoma tarehe 14 Januari mwaka uleule. Tulipoiwasha nilihesabu kwa saa ya ukutani: sekunde 25. Sikufurahi kama mlivyotarajia. Nilikaa kwenye kiti nikiwaza shilingi 24,000 za ile laptopu, na miaka 2 niliyovumilia, wakati tatizo lilikuwa la shilingi 6,000 na lilikuwa limekaa stoo.

Kwa hiyo, kompyuta ikiwa nzito, angalia kwanza vile vipimo. Diski ikigota kwenye asilimia 100 huku umefungua kitu kimoja, tatizo ni diski. RAM ikiwa juu ya asilimia 90, ongeza RAM. Prosesa ikiwa juu wakati wote, tafuta ni programu gani inayoila, na usipoiona, basi hapo ndipo pengine mashine imeshindwa na kazi zako. Fungua kifuniko pia uangalie vumbi. Huku kwetu joto, vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku huziba feni, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Brashi laini na nusu saa ya kila Januari imetosha nyumbani kwetu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo bado inaniuma. Tulipoweka SSD, diski ya zamani ya GB 320 tuliiacha ndani kama ghala. Humo mlikuwa na hesabu za chama chetu cha akina mama 22 tangu mwaka 2013, na picha za mama yangu mzazi, pamoja na zile za miezi yake ya mwisho ambazo dada yangu alizipiga kwa kamera na kunihifadhishia kisha akazifuta kwake. Juni 2022 nilianza kusikia sauti ndogo, tiki, tiki, kisha kimya, kisha tiki tena. Faili nyingine zilichelewa kufunguka. Nilikuwa ninahangaika na marejesho ya kodi yanayofungwa tarehe 30 Juni, nikasema nitashughulikia nikimaliza. Sauti ile iliendelea majuma mawili. Jumapili moja baada ya kanisa niliiwasha na ghala halikuonekana tena.

Nilipiga simu Nairobi, nikaambiwa kazi ya kujaribu kuokoa diski ya aina hiyo itaanzia shilingi 25,000 bila ahadi kwamba kitapatikana kitu. Hatukuwa nazo. Hesabu za chama nilizijenga upya kutoka kwenye madaftari na ujumbe wa M-Pesa uliobaki katika simu za wanachama, kazi iliyonichukua miezi minne. Akina mama wawili hawakukubaliana na jumla zao, na mmoja wao alijitoa. Sikuweza kumlaumu, maana aliniamini na vitabu nami sikuwa na nakala. Picha za mama nimezipata 11, kutoka kwenye simu za binamu zangu. Zote zilizosalia ziliondoka na ile diski.

Baadaye mpwa wangu alinionyesha CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski na kuonya kwa rangi kabla haijafa. Onyo lingenifikia mapema kama ningekuwa nayo, ingawa kuna diski hufa bila kuonya, kwa hiyo nakala ndiyo kinga. Sasa hesabu za chama ziko kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyo kwa mweka hazina, na kwenye akaunti ya Google ambayo hutoa GB 15 bila malipo. Diski ya kuzunguka ikipita miaka 5 naihesabu kuwa mgonjwa hata ikiwa kimya, na ikianza kugonga, sizimi na kuwasha tena kuona kama itapona; nanakili yaliyo muhimu kwanza, saa ileile. Diski ya kuchukua nafasi ya ile iliyokufa iligharimu 4,500.

Mwaka uliofuata tovuti zote zilianza kuikataa kompyuta kwa madai kwamba muunganisho si salama. Fundi mmoja alitaka 1,500 ili aifomati, yaani afute kila kitu na kuanza upya. Mpwa wangu akaangalia tarehe pembeni mwa skrini: ilisoma Januari 2011. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao, CR2032, ndiyo huifanya mashine ikumbuke saa wakati imezimwa, nayo ilikuwa imekwisha, na programu ya intaneti haiwezi kuthibitisha usalama wa tovuti ikiwa saa ya mashine inadai ni 2011. Ilinigharimu shilingi 100.

Februari 2024 ilizimika ikiwa katikati ya kazi. Fundi wa Kondele alinionyesha kapasita tatu, vijipipa vidogo vya kutunza umeme, kwenye ubao mkuu zilizofura vichwa kama maharagwe yaliyolowekwa. Alisema anaweza kunitafutia ubao mwingine wa mtumba, ila utakuwa na umri uleule na huenda ukanifia baada ya miezi. Safari hii nilikubali bila kuona haya, kwa kuwa nilijua ni nini kimekufa. SSD niliitoa nikabaki nayo, RAM na pawa saplai nikamwachia, naye amekwisha kuzifunga katika kompyuta za watu wengine.

Jioni ile nilipiga hesabu. Shilingi 38,000 za kununua, 2,500 za pawa saplai, 7,000 za SSD, RAM na asante ya mpwa, na 4,500 za diski, jumla 52,000, bila ile betri ya 100. Ukigawa kwa miaka 13 unapata 4,000 kwa mwaka. Laptopu mpya ya 24,000 kwa miaka 2 ilinigharimu 12,000 kwa mwaka. Iliyoonekana rahisi ilinitoza mara tatu.

Nilidhani sasa nimehitimu. Nilikwenda mjini kutafuta laptopu ya mtumba, zile zinazotumika maofisini Uingereza kisha zikaletwa huku zikiwa zimesafishwa, na nikauliza maswali yangu yote. Kifuniko kilifunguka. SSD ya GB 256 ilitoka. RAM ilikuwa GB 8. Niliendesha hata ile amri ya powercfg /batteryreport, inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki, nikakuta asilimia 78, si mbaya kwa mtumba. Juu yake palikuwa na kibandiko cha Core i5. Nikalipa 27,000.

Sikuuliza i5 ya kizazi gani. Yangu ni i5-6300U, na ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 6, ndiyo kizazi chake, kilichotoka mwaka 2015. Iliingia nyumbani kwetu ikiwa na umri wa miaka 9. Kwa uzito wa kazi zangu hilo si neno, inafanya kazi vizuri hata leo. Taabu ni kwamba Windows 11 hudai, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu, prosesa za kuanzia mwaka 2017, na masasisho ya bure ya Windows 10 yalifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu ya i5-8250U iliyokuwa kwenye rafu ileile ilizidi yangu kwa shilingi 5,000. Nilizihifadhi 5,000 hizo, nikapoteza miaka.

Wengi walidhani siku ile ya Oktoba kompyuta zenye Windows 10 zingezimika. Hazikuzimika. Kinachokoma ni kuzibwa kwa matundu ambayo wezi huendelea kuyagundua. Kwa kompyuta ya kuchezea michezo pekee mtu anaweza kuvumilia, ila mimi huingia iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali na hesabu za pesa za akina mama wenzangu, na sikuona haki kuwahatarisha. Mpwa wangu aliniletea Linux Mint kwenye flashi, mfumo wa bure ambao unaweza kuujaribu bila kufuta chochote kilicho ndani. Niliutumia majuma mawili. Tovuti zote zilifunguka, printa ilikubali, kasi ilikuwa nzuri. Karatasi zangu za mitihani zenye majedwali ndizo zilizovurugika zilipofunguliwa kwa LibreOffice, programu yake ya kuandikia, nami huzibadilishana na walimu wanaotumia Word, kwa hiyo sikuhama. Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye intaneti ningemhimiza ahame bila kusita. Mimi nilijiandikisha kwa masasisho ya ziada ya usalama ambayo Microsoft hutoa kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, na kila mwezi naweka 1,500 kando kwa ajili ya laptopu ijayo.

Watu wakiniuliza kompyuta hudumu miaka mingapi, huwajibu hivi. Kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa na prosesa changa, miaka 8 hadi 10, ukihesabu kubadilisha diski mara moja na kuongeza RAM njiani. Laptopu inayofunguka, miaka 6 au 7, na betri mpya katikati, hasa kwa joto letu. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa mwaka kizazi cha prosesa kilipotoka, hata kama risiti yako ni ya jana. Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine nzuri ya kuchukua nafasi yake, naacha. Masasisho ya usalama yakikoma na hakuna mfumo mwingine unaokufaa, naacha vilevile, hata kama inawaka kwa sekunde 25.

Chini ya laptopu yangu nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono: prosesa: 2015; SSD: imepimwa Januari 2026, nzuri; betri: asilimia 64; masasisho: mwisho Oktoba 2026; nakala za chama: mweka hazina na Google. Binti yangu anayemaliza sekondari mwaka huu ameniomba nimwandikie karatasi kama hiyo kwa simu yake.